Tulibeba Transfoma Hadi Nzega

Wenzangu wakisafiri na waume zao wanabeba kamera na miwani ya jua. Mimi mwezi wa saba mwaka 2025 nilisafiri na shemeji yenu kwenda ukweni Nzega, na tulichobeba kilikuwa transfoma ya kilo sita, pawasaplai mbili kuukuu, fyuzi za akiba na vitenge vyangu viwili vya kuzifungia zisigongane. Askari wa pale stesheni ya treni Dar alipoliona lile begi kwenye mashine yao akaniita pembeni.

"Dada, humu ndani kuna nini?"

"Kaka yangu," nikamwambia, "muulize huyo hapo."

Shemeji yenu akaanza kumweleza askari habari za volti, na yule askari, kumbe kwao ana redio ya Japani iliyoungua, akamsikiliza kwa makini ile mbaya. Karibu treni ituache.

Nikwambie ukweli msomaji wangu, safari hii haikuwa fungate. Ilikuwa safari ya kuokoa ndoa, ingawa hakuna aliyesema hivyo kwa mdomo.

Chumba cha tatu

Tunapanga nyumba ya vyumba vitatu. Kimoja chetu, kimoja cha watoto, na cha tatu ni cha kompyuta. Si za kazi, la hasha! Ni kompyuta za zamani: Commodore 64 ya mwaka 1982 yenye kibodi nene kama mkate, PC za disketi kubwa zinazokunjika, monita zenye matako kama televisheni za zamani. Anazipata kwa mafundi wa Kariakoo, kwa watu wanaohama, kwenye stoo za ofisi. Anazisafisha, anazitengeneza, anaziwasha mara moja, anafurahi, basi. Anazifunika.

Mwezi wa tatu nilichoka. Siku hiyo yuko kazini, nikamwita kijana wa vyuma chakavu, nikamuuzia boksi moja kwa shilingi elfu nane. Nikajiambia hatajua. Jioni alijua kabla hajavua viatu. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni akahesabu yaliyobaki, akanyanyuka, akaenda kulala. Siku tatu tunaongea ya chumvi na ada ya shule tu. Bora angenipigia kelele.

Na mimi, kwa kujitetea, ndiyo nikasema lile neno: "Takataka zako hizo."

Wiki kadhaa zikapita. Usiku mmoja akaniambia, "Mwezi wa saba twende Nzega. Kuna kitu nataka ukione." Huyu mtu tangu tuoane kwenda kwao ilikuwa kama kumpeleka mtoto kupiga sindano. Nikasema kuna jambo. Tukaenda.

Njia ya mizigo

Treni ya umeme, iliyoanza safari za Dar hadi Dodoma mwaka 2024, ilitufikisha Dodoma bila shida. Tukalala, asubuhi tukapanda basi: Manyoni, Singida, tukashuka mteremko wa Sekenke, na mara mbuga ya Wembere ikafunguka mbele yetu, kavu na rangi ya simba. Halafu Igunga. Halafu Nzega.

Ni humo kwenye basi ndipo aliponisimulia. Sisi tumeoana miaka tisa, na stori hii sijawahi kuisikia.

Mwaka 1996 alikuwa na miaka 12. Baba yake mdogo alirudi kutoka Marekani akiwa na kompyuta, zawadi kwa kaka yake, yaani baba mkwe wangu, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu. Wewe fikiria, kompyuta, Nzega, mwaka 1996! Nchi hii kompyuta ya kwanza ilifika mwaka 1965, pale Hazina, lakini mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni, na mlango ulikuja kufunguka vizuri miaka ya 1990. Ndiyo maana za zamani hasa ni chache kwetu. Kwa hiyo kile kilikuwa kitu cha kuja kutazamwa na mtaa mzima.

Baba akaenda msibani. Mtoto akashindwa kuvumilia. Akabadilisha plagi, akachomeka, akabonyeza. Ikalia "pa!" kama fataki, na moshi ukajaa sebuleni.

"Baba aliporudi alisema neno moja tu," akaniambia, anaangalia dirishani. "Alisema, 'Umeniunguzia kitu ambacho sitakipata tena.' Basi. Hakunichapa. Hakurudia tena."

Nikakumbuka siku zile tatu za ukimya nyumbani. Nikakumbuka na neno langu.

Tatizo lilikuwa wapi?

Hapa nikueleze nilivyoelezwa, maana hata wewe huenda una blenda ya Marekani au jiko la wali la Japani mahali. Umeme wa kwetu ni volti 230, na mkondo unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Mafundi wanaita hezi 50. Marekani ni volti 120, hezi 60. Japani ni volti 100 nchi nzima, ila mashariki upande wa Tokyo ni hezi 50 na magharibi upande wa Osaka ni hezi 60, kwa sababu miaka ya 1890 mmoja alinunua majenereta Ujerumani na mwingine akanunua Marekani. Mpaka leo hawajapatana!

Sasa ajabu ni kwamba ndani ya kompyuta yenyewe hakuna 230 wala 120. Ubongo wake unataka volti 5, mota za disketi volti 12. Kinachokaa katikati ya ukuta na huo ubongo ni pawasaplai. Ndiye mshenga. Anapokea maneno makali ya upande mmoja, anayafikisha upande wa pili kwa kiasi wanachoweza kukibeba.

PC nyingi za zamani pawasaplai yake ina kiswichi chekundu nyuma: 115 au 230. Ikiwa kwenye 115, mzunguko wa ndani unauzidisha umeme mara mbili kabla ya kuutumia. Umeme wa Marekani ukizidishwa hivyo, unatosha. Ukiingiza wa kwetu, nao unazidishwa, inapita volti 600 ndani, kwenye kapasita mbili zilizotengenezwa kubeba volti 200 kila moja. Hapo ndipo "pa!"

Ile ya Nzega ilikuwa kwenye 115. Mtoto wa miaka 12 angejuaje?

Mwadila, Nzega

Nzega ni mji wa njia panda. Huku Singida, huku Tabora, huku Shinyanga na Kahama, na malori ya Rwanda na Burundi yanapita usiku kucha. Wengine wanaujua kwa dhahabu: mgodi wa Golden Pride kule Lusu ulifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafungwa mwaka 2014. Mimi sasa naujua kwa mchele, asali na vumbi laini linaloingia mpaka kwenye mkoba uliofungwa zipu.

Tulifika jioni. "Mwadila," wakatusalimia majirani. Mama mkwe alikwisha andaa michembe ya karanga, viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, halafu vikapikwa kwa karanga mpaka mchuzi unakuwa mzito. Nikala mpaka nikaona aibu.

Na pale sebuleni, msomaji wangu, juu ya meza ndogo, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma, kando ya maua ya plastiki, ilikuwa kompyuta. Kasha la rangi ya maziwa yaliyochacha, monita juu yake, kibodi imefutwa vumbi asubuhi ile. Miaka 29 haijawaka, na haijatupwa.

Baba mkwe akamwangalia mwanaye, akaangalia begi. "Mmekuja nayo mizigo," akasema.

"Ndiyo baba. Kama utaniruhusu."

"Ni yako pia," akajibu mzee, akatoka kwenda kufunga kuku.

Ndimu za mama mkwe

Asubuhi tukafungua. Nasema "tukafungua" kwa sababu nilipewa kazi ya kushika tochi na kupanga skrubu kwenye kifuniko cha chupa. Pawasaplai ilikuwa imekufa kama alivyotegemea: kapasita zimepasuka, fyuzi nyeusi ti. Lakini bodi kuu? Moto haukufika. Mshenga alikufa yeye, maharusi wakabaki wazima. Nilitaka kupiga kigelegele.

Ila kulikuwa na ugonjwa mwingine. Bodi hizi zina betri ndogo ya kushika saa na tarehe, na betri ya aina ile ikizeeka inavuja. Maji yake yanakula nyaya za shaba, yanaacha ukungu wa kijani. Ya kwetu ilikuwa imeanza. Shemeji yenu akaikata betri, akaomba ndimu.

"Ndimu za nini?" mama mkwe akauliza. "Mnapika kompyuta?"

Kumbe tindikali ya ndimu inaua yale maji ya betri. Akasugua kwa mswaki mpole mpaka kijani ikaisha, akasafisha kwa spiriti, akasema sasa ikae ikauke mpaka kesho, haraka haraka ndiyo iliyotuponza mara ya kwanza. Baba mkwe alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasema, "Kama ni kusubiri, twendeni Tabora mkwe wangu akatembee."

Kusubiri Kwihara

Tabora ni kama kilomita 115 kusini. Tulipita miembe mikubwa, tukafika Kwihara, kwenye tembe ambalo Livingstone alikaa mwaka 1872. Alifika na Stanley kutoka Ujiji, Stanley akaondoka kwenda pwani mwezi wa tatu, na mzee yule akabaki hapo mpaka mwezi wa nane akisubiri wapagazi na vifaa. Miezi mitano anasubiri mzigo! Mimi nilikuwa nalalamika kusubiri bodi ikauke siku moja.

Baba mkwe alifundisha historia, na siku ile nilimwona mwalimu. Alinieleza kwamba Wanyamwezi hawakuwa wabeba mizigo tu wa watu wengine. Walikuwa wafanyabiashara wenyewe, wakishuka pwani na pembe na kurudi na bidhaa. Mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila mbili, zaidi ya kilo 30, na njia kutoka Bagamoyo ilichukua miezi. Alinieleza Mirambo wa Urambo alivyoifunga njia hiyo mwaka 1871 alipopigana na Waarabu wa Unyanyembe, na biashara ikakwama mpaka pwani.

"Na mnajua walikuwa wakileta nini huku ndani?" akauliza, kama yuko darasani.

"Shanga," nikasema.

"Shanga. Na nyaya za shaba. Na kitambaa kinaitwa merikani, unajua kwa nini? Kilitoka Marekani. Wamarekani waliweka konseli Zanzibar tangu mwaka 1837 kwa ajili ya biashara hiyo."

Shemeji yenu akacheka. Kicheko cha kweli, nilikuwa nimekisahau. "Baba, kwa hiyo sisi tumefuata njia ile ile. Transfoma ni nyaya za shaba. Na monita ni merikani."

Mzee naye akacheka. Njia nzima ya kurudi Nzega walikaa viti vya mbele wote wawili, wakibishana kama Livingstone alikuwa mvumilivu au mkaidi. Mimi nyuma nikajifanya nimelala.

Swichi nyekundu

Kesho yake jioni, Jumamosi tarehe 19, akatoa pawasaplai mbadala kutoka kwenye kitenge changu. Nikaitambua. Ilikuwa ya lile boksi la pili, lililofuata kwenye orodha yangu ya kuuza. Wiki moja zaidi ningekuwa nimeshalitoa. Sikusema kitu. Naye hakusema kitu, ingawa najua alijua.

Pawasaplai za aina hii zina plagi mbili za kuingia kwenye bodi, na zinaweza kuingia kinyume. Sheria yake ni moja: nyaya nyeusi zikae katikati, zigusane. Monita ikachomekwa kwenye transfoma, maana yenyewe ni ya volti 120 tu, haina swichi. Halafu akafunga balbu ya wati 60 kwenye njia ya umeme, kama mlinzi: kukiwa na shoti, balbu inawaka kwa nguvu na kubeba balaa lote; mambo yakiwa sawa, inamweka kidogo na kufifia.

"Wewe ndiye uangalie swichi," akaniambia.

Nikaiangalia. Nikaiangalia tena. Nikaisukuma kwa kucha: 230. Mama mkwe akashika kanga yake kifuani. Baba mkwe akasimama nyuma ya kiti cha mwanaye.

Balbu ikamweka. Ikafifia. Akaitoa, akawasha moja kwa moja. Feni ikaanza kuvuma, ikalia "bip" moja fupi, na kwenye kioo, kwa maandishi ya rangi ya chungwa, namba zikaanza kupanda: 64, 128, 256... zikasimama 640.

Hakuna aliyepiga makofi. Ni mzee aliyeanza. "Kumbe haikufa."

"Haikufa baba. Niliunguza pawasaplai tu." Kimya. Halafu, bila kugeuka: "Ulisema nimekuunguzia kitu ambacho hutakipata tena."

"Nilisema hivyo? Mimi?"

"Ndiyo baba."

Mzee akafikiri muda mrefu. "Sikumbuki kusema. Ninachokumbuka mimi, niliingia nikakuta moshi, nikakukamata mikono kuangalia kama imeungua. Ilikuwa mizima. Hilo ndilo ninalokumbuka."

Shemeji yenu akaitazama mikono yake. Mimi nikaenda jikoni kusaidia kitu ambacho hakikuwepo.

Niliporudi, mambo mengine yalikuwa yanaendelea. Hadidiski ilikataa kuzunguka, imekufa kweli hiyo, lakini disketi ya kuanzishia ilifanya kazi. Mashine ikadai inafikiri leo ni tarehe 1 Januari 1980, ikaomba tarehe sahihi. Baba mkwe akapewa kiti. Kwa vidole viwili akaandika 19-07-2025. Ikakataa. Akarudia taratibu. Ikakataa tena.

"Inanikataa mimi?"

"Hapana baba. Wamarekani wanaanza na mwezi."

Mzee akatikisa kichwa, akaanza na mwezi. Ikakubali.

Tuliporudi Dar

Kompyuta tuliiacha Nzega, na transfoma tuliiacha, imefungwa kwa kitenge changu kimoja. Lile boksi la elfu nane nimelitafuta kwa kijana wa vyuma chakavu mara mbili, halipo. Nilimwambia mume wangu samahani, kwa lile boksi na kwa lile neno. Sikutaka nalo likae miaka 29. Akasema boksi limeshapita. Kuhusu neno hakusema kitu, ila jioni ile alinipikia chai.

Chumba cha tatu bado kimejaa. Tofauti ni kwamba sasa lebo nabandika mimi: 100, 120, 230. Hachomeki kitu kabla sijaangalia.

Kabla na wewe hujachomeka

• Soma kibandiko cha nyuma au chini. Kikiandika 100-240V, unahitaji kibadili plagi tu. Kikiandika 120V au 100V peke yake, unahitaji transfoma ya kushusha umeme. Kibadili plagi hakishushi volti hata moja!

• Kukiwa na swichi ya 115/230, isukume ukiwa hujachomeka.

• Transfoma iwe na uwezo kuzidi wati za kifaa. Kifaa cha wati 200, chukua ya 300 au zaidi.

• Transfoma inabadili volti, haibadili hezi. Kompyuta haijali sana, lakini saa ya ukutani ya Marekani inayofuata umeme itachelewa dakika 10 kila saa, na santuri itaimba pole pole.

• Kifaa kilichokaa miaka mingi usikichomeke kwa hamu. Mpe fundi afungue kwanza, na usifungue pawasaplai mwenyewe: kapasita zinaweza kuwa na umeme wa kuua hata ukiwa umechomoa.

• Ukienda Nzega, nenda kiangazi, beba sweta la asubuhi, na usikatae michembe.